Tizi la Karate Safarini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kazi yangu ni kufunga mashine za kusaga na kukoboa mikoani, kwa hiyo kuna miezi nalala gesti siku nyingi kuliko kwangu. Dojo yetu, yaani ukumbi wetu wa mazoezi, ni ya Goju-ryu, mtindo mmoja wa karate, na kila mwenzetu akipata safari hunifuata mlangoni baada ya mazoezi, begi begani, na maswali yaleyale. Nimeyaandika hapa ili nisiyarudie. Mwenye Shotokan (mtindo mwingine wa karate), judo, taekwondo au ndondi atachukua kinachomfaa.

## Kabla ya kuondoka

1. Nikikaa wiki mbili bila mazoezi, nitapoteza nini hasa?

Pumzi ndiyo inayotangulia. Wiki ya pili ikiisha utaisikia kwenye raundi ya pili ya kumite (pambano la mazoezi), mikono inashuka kabla hujaambiwa. Nguvu za misuli hukawia. Mwenye msingi mzuri anaweza kukaa wiki tatu asione tofauti kubwa. Ulaini wa nyonga unaondoka kimyakimya, hasa kama safari yenyewe ni ya kukaa kitini kutwa.

Kata (mfululizo wa miondoko uliopangwa) unayoijua kwa miaka haiendi popote. Ile uliyofundishwa mwezi uliopita ndiyo inayopotea, na ukiilazimisha irudi, inarudi na makosa yaliyokwisha kukomaa.

Halafu kuna mazoea, na hayo hayangoji wiki mbili. Siku ya kwanza unasema umechoka na njia. Ya pili wenyeji wamekualika chakula. Ya tatu huoni hata aibu.

2. Sasa nilenge nini nikiwa safarini?

Kutunza ulichonacho. Safari si mahali pa kupanda daraja, na wanaoondoka na ratiba ya saa mbili kila siku huwa wameiacha kufikia Jumatano. Dakika 15 hadi 20 kila siku zinatosha, na katika wiki siku mbili ziwe za jasho la kweli. Mwili unaridhika na mazoezi machache mradi yasiwe ya kubembeleza: seti tatu za pushapu unazozimaliza kwa kutetemeka zinakulinda kuliko nusu saa ya kunyoosha mikono huku unatazama simu.

Chagua kata moja tu ya safari. Mimi nina Sanchin. Nikipata nafasi nafanya na nyingine, lakini siku isiyo na Sanchin naihesabu kuwa siku niliyokosa.

3. Nibebe gi (vazi la karate) au niiache?

Gi nzito ya pamba inachukua nusu ya begi, na ukiifua jioni gesti isiyo na kamba, kesho yake bado inachuruzika. Kama huna uhakika wa kupata dojo, beba suruali ya gi, fulana mbili na mkanda. Kama unakwenda mahali penye dojo unayoijua, beba gi nyepesi na uivae safi. Kuingia dojo ya watu na gi inayonuka basi ni kuanza vibaya.

Mkanda usiuache. Haufiki hata nusu kilo, na ukiuona kwenye begi kila unapotafuta mswaki, unakukumbusha.

4. Ni lazima nimuage sensei (mwalimu)?

Ndiyo, na umwambie siku utakazokuwa nje na mji unaokwenda. Kwanza ni adabu. Pili, yeye ndiye anayejua watu: simu yake moja inaweza kukufungulia mlango ambao ungeutafuta wiki nzima (tazama swali la 13). Tatu, atakuambia kosa moja la kulifanyia kazi. Kwenda na kosa moja la kurekebisha ni kuzuri kuliko kwenda na nia ya jumla ya “kufanya mazoezi.”

## Chumbani

5. Chumba changu ni kitanda na ukuta. Nitafanya nini hapo?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote.

Anza kwa kupima. Simama katikati ya nafasi iliyobaki, nyoosha mikono pande zote, kisha inua mmoja juu taratibu. Nasema taratibu kwa sababu mimi niliinua kwa kasi, kinga ya juu safi kabisa, nikakutana na feni ya dari. Feni ilishinda.

Ukijua mipaka yako, nafasi ndogo haitakusumbua tena, kwa sababu zipo kata zinazoitaka. Sanchin ni hatua chache mbele na nyuma, na toleo fupi alilolitengeneza Chojun Miyagi, mwanzilishi wa Goju-ryu, halina hata kugeuka. Inakaa kwenye kipande cha sakafu cha urefu wa kitanda. Tensho, ambayo pia ni yake, inaingia palepale. Hizo mbili zikifanywa kwa pumzi iliyotimia na misuli iliyobanwa zinakutoa jasho hata Njombe mwezi wa Julai. Wenzetu wa Shotokan wana Tekki Shodan, miondoko 29 kwenye mstari mmoja wa kulia na kushoto, miguu ikiwa kwenye msimamo wa mpanda farasi muda wote. Ukisogeza kiti tu, tayari una nafasi yake.

Kata ndefu unaikata vipande. Kata yoyote ina mahali unapojikwaa kila mara, ama kugeuka, ama teke linalofuatiwa na kiwiko. Chukua kipande hicho peke yake, miondoko mitatu au minne, urudie mara 30. Kwenye dojo hatupati nafasi hiyo kwa sababu hesabu ni ya wote na lazima twende mbele. Gesti hakuna anayehesabu isipokuwa wewe. Kata yangu ya Seiyunchin ilinyooka Sumbawanga, kwenye chumba ambacho mlango ulikuwa ukigonga kitanda.

Mateke yafanye polepole. Shika ukuta kwa vidole viwili, panda goti, fungua teke kwa kuhesabu hadi tano, lishikilie, rudisha kwa kuhesabu hadi tano. Mateke kumi kwa kila mguu yanachoma nyonga kuliko mia ya haraka, na hayavunji kitu. Vaa raba au hakikisha unajua pembe za kitanda zilipo. Kidole cha mguu kikikutana na mbao, safari yote utaitembea upande.

6. Saa ngapi inafaa?

Alfajiri, kabla ya kuoga. Jioni ya msafiri haina mwenyewe: mteja anachelewa, umeme unakatika, mtu anakuita mkale nyama. Saa kumi na moja na nusu alfajiri hakuna anayekuhitaji. Kama basi lako linaondoka saa kumi na mbili, fanya Sanchin moja na uende. Siku hiyo umeitimiza.

7. Je, wa vyumba vya jirani watasikia?

Watasikia. Kuta za gesti nyingi ni nyembamba na kila mtu pale ana hofu zake. Kiai (ukelele wa pigo) uimeze: bana tumbo, toa pumzi kwa nguvu bila sauti. Usiruke kamba ghorofani. Pumzi ya Sanchin nayo ina mkoromo wake, na niliwahi kugongewa na mhudumu akauliza kama mgonjwa anahitaji kupelekwa hospitali. Tangu hapo hujitambulisha mapokezi: “Mimi ni mtu wa mazoezi, ukisikia kishindo asubuhi usishtuke.” Inachukua dakika moja.

8. Sina kifaa chochote. Nguvu za mikono nitazitunzaje?

Vifaa vya kale vya karate ya Okinawa vilikuwa vitu vya nyumbani. Chi-ishi ni jiwe kwenye mpini. Nigiri-game ni mitungi ya udongo inayobebwa kwa kubana mdomo wake na vidole. Sasa tafuta vyako. Dumu la maji la lita tano lina kilo tano. Lishike kwa vidole vya mkono mmoja, tembea kwa hatua za Sanchin. Ndoo mbili zenye maji nusu zinafanya kazi ya mitungi, na taulo lililoloweshwa ukilikamua mara 20 kila upande utaiona kesho yake ukishika kalamu.

Pushapu za ngumi kwenye sakafu ya saruji ni sawa kama umezizoea, na kama hujazizoea safari si mahali pa kuanza. Ukuta usiupige. Si makiwara (ubao wa kupigia ngumi), haurudi nyuma, na mwenye gesti atakudai rangi.

9. Naweza kufanyia nje?

Unaweza, na ukipata uwanja wa shule wikiendi ni raha. Omba ruhusa kwa mlinzi kwanza, kwa jina na kwa salamu. Kuna mambo mawili tu.

La kwanza ni watazamaji. Ndani ya dakika tano utakuwa na watoto kumi na tano wanaokuiga, na mmoja mkubwa anayetaka kujua kama kweli unaweza. Watoto wafundishe kuinama na ngumi moja. Yule mkubwa mwambie leo unajinyoosha tu, kisha ondoka. Hakuna ushindi kwenye hilo pambano, hata ukishinda.

La pili ni mchanga. Watu wanapenda kupiga tizi ufukweni, iwe Coco Beach au Mombasa, nami pia napenda. Chagua saa ya maji kupwa, ukae pale kwenye mchanga mgumu uliolowa. Kwenye mchanga mlaini mguu unaosimama hauzunguki: ukipiga teke la kuzunguka, wayo unabaki pale na goti ndilo linalozunguka. Kwa hiyo mchangani piga ngumi, tembea misimamo, piga teke la mbele. Mawashi geri, yaani teke hilo la kuzunguka, ibaki sakafuni.

## Barabarani na angani

10. Basi la kutwa nzima linaniua nyonga na mgongo. Nifanyeje?

Dar hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,100, na kiti cha basi hakikutengenezwa kwa mtu wa misimamo ya chini. Tumia vituo. Basi likisimama abiria wakachimbe dawa, wewe chimba haraka, kisha dakika tatu zilizobaki zifanye za kuchuchumaa hadi chini mara 15 na kuzungusha nyonga. Watu watakutazama kwa dakika hizo tatu na hutawaona tena maishani.

Kitini, bana na uachie misuli ya mapaja na ya tumbo, zungusha vifundo vya miguu, kaa wima kwa pumzi kumi kila unapopita mji. Ukifika, usikimbilie mateke ya juu. Tembea robo saa kwanza. Wa Dodoma siku hizi mna treni ya SGR isiyochukua hata saa nne kutoka Dar, na mnaweza kusimama mkatembea behewani, kwa hiyo malalamiko yenu siyapokei.

11. Mimi ni dereva wa lori. Ratiba yako ya gesti inanihusu nini?

Haikuhusu sana, na wewe ndiye uliyenifundisha hili: kwenye foleni ya mpakani, Tunduma au Kasumbalesa, siku inaweza kwisha lori limesogea urefu wa malori matatu. Huo ni muda ambao mtu wa ofisini hana. Kivuli cha trela asubuhi kinatosha kwa kata nzima. Kamba ya kuruka inakaa chini ya kiti. Ngazi ya kichwa cha lori inafaa kwa kujivuta juu, ukiwa umeifuta mafuta kwanza.

Tatizo lako wewe ni usingizi na chakula. Ukiwa umeendesha usiku, lala kwanza. Mazoezi yanayokula usingizi wa dereva yanaweza kuua watu, na hilo halina mjadala.

12. Nasafiri kwa ndege hadi nchi ya saa tofauti. Nianze lini mazoezi?

Inategemea umbali. Dubai na Muscat wako saa moja tu mbele yetu, anza siku hiyohiyo. London ni saa mbili au tatu nyuma kulingana na majira, na utaamka mapema mno, jambo ambalo kwetu ni faida. Kazi ipo mashariki: Guangzhou, wanakokwenda wafanyabiashara wetu, wako saa tano mbele, na Tokyo saa sita. Saa kumi na moja alfajiri ya Guangzhou, mwili wako unaamini ni saa sita usiku. Hesabu takriban siku moja ya kuzoea kwa kila saa ya tofauti.

Siku mbili za mwanzo fanya kata nyepesi alasiri, nje kwenye mwanga. Kumite ingoje. Macho ya mtu aliyekosa usingizi yanaona ngumi ikiwa imeshafika.

Ndani ya ndege, safari ikizidi saa nne, simama utembee kila baada ya muda na uchezeshe vifundo. Damu kuganda miguuni ni hatari ya kweli kwa anayekaa muda mrefu, awe mwanamichezo au asiwe.

## Dojo ya wenyeji

13. Nitaipataje dojo kwenye mji nisioujua?

Intaneti itakupa dojo zilizokufa miaka kumi iliyopita zikiwa na picha nzuri. Anza na sensei wako (swali la 4). Kisha uliza watu: mwalimu wa michezo wa sekondari, mwenye jimu ya vyuma, bodaboda wa kijiwe cha karibu na ukumbi wa mji. Swali lako liwe “vijana wanapiga karate wapi jioni?” Ukiuliza “dojo” unaweza kuelekezwa dukani. Madarasa mengi ya mikoani yapo kwenye kumbi za shule na za kanisa, kuanzia saa kumi na moja jioni, siku tatu kwa wiki.

Taja ukoo wako wa mafunzo. Goju-ryu yetu ina mizizi Dar es Salaam, shule ya Zanaki, alikofundisha Mmarekani Nantambu Camara Bomani tangu miaka ya 1970. Nimewahi kulitaja jina la Zanaki kwa fundi cherehani mzee, nikaona anaweka mkasi chini na kusimama vizuri.

14. Nikifika, adabu zikoje?

Fika dakika 20 kabla. Mtafute mwalimu, si mwanafunzi mwenye mkanda mkubwa aliye karibu na mlango. Msalimie kwa heshima ya pale: kwa mzee, “shikamoo” haijawahi kuharibu dojo yoyote. Sema jina lako, dojo yako, mwalimu wako, utakaa siku ngapi, kisha uliza kama unaweza kufanya mazoezi au kutazama. Uliza na ada ya mgeni. Akikataa kuichukua, leta maji ya kunywa ya darasa.

Akikuruhusu, simama mwisho wa mstari hadi atakapokusogeza. Rangi za mikanda hazilingani kati ya vyama. Kahawia ya kwenu inaweza kuwa miaka mitatu na ya kwao sita. Mwenye mkanda mweusi naye aanze mwisho, atasogezwa. Mikoani nimeona wageni wa mkanda mweusi waliojiweka mbele wenyewe, na nimeona walivyotoka.

15. Wanafanya kata ninayoijua, lakini tofauti. Nifuate ipi?

Yao, ukiwa kwao. Mkono wao ukishuka pale wako unapopanda, shusha. Usiseme “sisi kwetu.” Maneno hayo mawili yamefunga milango mingi kuliko kufuli. Ukirudi chumbani andika tofauti kwenye daftari, kisha ifanye ya kwenu mara tatu ili mwili usichanganye.

Mtindo ukiwa mwingine kabisa ni rahisi zaidi, maana unakuwa mwanafunzi mpya na hakuna anayetegemea kitu. Goju anayeingia darasa la Shotokan atateswa na misimamo mirefu, na mapaja yatamshukuru baadaye. Judo ni zawadi kwa mtu wa karate, ila siku ya kwanza omba kufundishwa kuanguka tu.

16. Wamenialika kumite. Nipige kwa nguvu gani?

Chini ya wao. Tazama raundi mbili kwanza, uone wanagusana vipi. Klabu za Ulaya nyingi zinajiandaa kwa mashindano ya kanuni za WKF, shirikisho la karate la dunia: ngumi ni pointi moja, teke la mwili mbili, teke la kichwa tatu, na kichwani panaguswa tu. Ndiyo karate iliyoonekana Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika 2021, kabla haijaachwa nje ya Paris 2024. Ukiingia humo na ngumi za dojo za kwetu unamwumiza mtu na unaonekana mshamba kwa wakati mmoja.

Kuna dojo chache ambako mgeni “hupimwa.” Ukihisi hivyo, kinga, sogea, inama, shukuru, na usirudi. Vaa kilinda meno chako mwenyewe. Hicho hakiazimwi.

## Mwili, hewa na majira

17. Nimetoka pwani kwenda nyanda za juu, pumzi imekwisha. Nina ugonjwa?

Hewa ni nyembamba. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Addis Ababa zaidi ya 2,300. Mtu wa Dar au Tanga atahema kwenye kata aliyoizoea. Siku tatu za mwanzo punguza kasi, pumzika zaidi kati ya seti, kunywa maji hata kama baridi inakudanganya kuwa huna kiu. Maumivu makali ya kichwa na kutapika ni suala la daktari.

18. Na joto la Ghuba?

Wenyeji wenyewe wamekujibu: Falme za Kiarabu hupiga marufuku kazi za juani kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa mchana, katikati ya Juni hadi katikati ya Septemba. Fanya ndani, au nje baada ya isha. Wanaofanya kazi za nyumbani huko wananiandikia kuwa hawana nafasi wala muda wao wenyewe. Jibu langu kwao ni Sanchin moja kabla ya kulala, mlango umefungwa. Sidai zaidi ya hapo.

19. Ramadhani ikinikuta safarini?

Kufunga au kula ukiwa msafiri ni jambo la dini, muulize anayejua. Kwa upande wa mazoezi, waliofunga hufanya vizuri nyakati mbili: nusu saa ya mwisho kabla ya magharibi, kwa mazoezi mepesi yanayoishia kwenye tende, au baada ya tarawehe kwa mazoezi mazito. Mchana fanya kunyoosha viungo tu.

20. Tumbo limeharibika, au nina homa.

Pumzika. Homa kwenye nchi zetu ipimwe malaria kwanza, kata zitangoja. Siku hizo soma maelezo ya kata yako na uipitie kichwani ukiwa umelala, mwondoko kwa mwondoko.

## Yasiyoulizwa mara nyingi

21. Naweza kusafiri na silaha za mazoezi kama nunchaku (vijiti viwili vilivyounganishwa) au sai (chuma chenye ncha tatu)?

Mkononi ndani ya ndege, hapana. Kwenye mzigo, inategemea unakokwenda: Kanada na Ujerumani zimepiga marufuku hata kumiliki nunchaku, na ofisa wa forodha hataki kusikia habari za Okinawa. Mpakani kwa basi nako utaeleza sana. Acha nyumbani. Bo, ile fimbo ndefu, ina urefu wa karibu sentimita 182 na haiingii popote. Ukifika nunua mpini mrefu sokoni, ukiondoka mwachie mwenye gesti.

22. Mimi ni mwanamke na nasafiri peke yangu. Kuna la ziada?

Haya nimeelezwa na dada zetu wa dojo. Fanyia chumbani, mlango umefungwa kwa funguo, na usimwambie kila mtu mapokezi saa zako. Kwa hiyo ushauri wangu wa swali la 7 waupime wenyewe. Ukienda dojo ngeni, nenda siku ya kwanza kutazama, uone kama kuna wanawake wengine na mwalimu anawashikaje anaporekebisha msimamo. Moyo ukikataa, huna deni la maelezo kwa mtu.

23. Nimefikia kwa ndugu. Nitafanyaje mazoezi bila kuonekana nina dharau?

Hapa ni pagumu kuliko gesti. Ukiamka alfajiri kwa shangazi na kuanza kupiga ngumi uani, utasikia “mwanangu, kwani umegombana na nani?” Saidia kazi kwanza: chota maji, fagia uwanja. Kisha sema, “Shangazi, naomba nijinyooshe kidogo.” Maji yenyewe ni mazoezi, ndoo mbili kutoka bombani kwa mwendo wa Sanchin (swali la 8), na shangazi atakusifu kwa sababu nyingine kabisa. Chakula chake kile. Habari za kupunguza uzito usimwambie.

24. Sensei anifundishe kwa video?

Kurekebishwa kata unayoijua, sawa: jirekodi kutoka mbele na kutoka ubavuni, simu ikiwa kwenye usawa wa kiuno, umtumie mara moja kwa wiki. Kata mpya, hapana, kwa sababu ya jibu la 1.

25. Nimerudi baada ya miezi minne na naona aibu kuingia dojo.

Kila mmoja wetu amewahi kuzunguka nje ya ukumbi akijifanya anaongea na simu. Njoo siku ya wanaoanza, kaa mstari wa nyuma, fanya nusu ya mateke kwa wiki ya kwanza. Kumite usubiri wiki ya tatu: akili inakumbuka kasi ambayo misuli ya nyuma ya paja haina tena, na hapo ndipo inapochanika.

Sensei wetu hamwulizi mtu alikuwa wapi. Anakupa ufagio ufagie sakafu pamoja na wengine, kisha anaanza kuhesabu.